Imepangwa na Nani?

Katika Railbound, gemu ya treni iliyotolewa mwaka 2022 na kampuni ya Afterburn ya Poland, hakuna adui, hakuna damu, wala hakuna saa inayomkimbiza mchezaji. Mbwa wawili wako safarini, na mabehewa yao yameachana na kichwa cha treni. Mchezaji hupewa kiwanja kidogo cha miraba, vipande vya reli vilivyohesabiwa, na kazi moja tu: atandike reli ili kila behewa lifike kwenye kichwa na kujiunga kwa zamu yake, la kwanza mbele, la pili nyuma yake. Mwanzoni ni kazi ya mtoto. Kisha huingia mahandaki, vizuizi vinavyofunguka na kufungika, na reli zinazogawanyika, hata mtu mzima akajikuta ameshika tama mbele ya kiwanja kisichozidi kiganja chake. Akikosea, mabehewa hugongana bila yeyote kuumia, naye huanza upya. Watu huicheza ili watulie. La ajabu ni kwamba anayetulia hivyo haendeshi chochote. Akishabonyeza kitufe cha kuanza, mkono wake hauna kazi tena. Behewa litakwenda reli inakokwenda, hata kama ni kwenye kugongana, naye atatazama tu. Hiari yake yote imekwisha kabla gurudumu la kwanza halijazunguka.

Hapo gemu inagusa swali kongwe kuliko treni yenyewe. Aliyewekwa juu ya njia asiyoweza kuiacha ana hiari gani, na wa kulaumiwa au kushukuriwa kwa anakofika ni nani? Mchezo wa namna hii unaweza kufika Hewani, kijiji cha Wapokomo kando ya mto Tana karibu na Garsen, kwa njia ya hewani kama jina lake, ingawa treni yenyewe haijafika: reli ya Mombasa iko karibu kilomita 200 kutoka hapo. Hata hivyo naona Hewani panafaa kulipimia swali hili kuliko stesheni yoyote, kwa sababu maisha ya delta ya Tana ni maisha ya njia: njia ya maji, njia ya ng'ombe, njia ya mpunga. Na sisi Waswahili, njia inapompeleka mtu pabaya, maneno tunayo tayari. Imepangwa. Imeandikwa. Ndivyo ilivyojaaliwa. Zote ni kauli za kutendwa, na sarufi yetu huiruhusu kauli ya kutendwa imfiche mtenda kabisa. Ile w ndogo iliyojibanza ndani ya kitenzi inatuambia kwamba yuko aliyetenda, kisha inafunga mlango. Lakini sarufi hiyohiyo ina ufunguo wake, neno la herufi mbili: na. Imepangwa na nani? Ninachotaka kuonyesha ni kwamba swali hilo halipingani na imani ya kadari, bali imani hiyo inalidai. Na kwamba treni, ambayo watu hupenda kuifanya mfano wa majaaliwa, ndiyo mfano wake mbaya kuliko yote.

Picha iliyozoeleka inasema hivi: maisha ni safari ya treni, mtu ni abiria, reli ni kudura. Inavutia kwa sababu treni haina usukani. Dereva wa matatu anaweza kukwepa shimo na nahodha wa jahazi anaweza kugeuza tanga, lakini dereva wa treni anaongeza mwendo au anafunga breki, basi. Sasa itazame reli badala ya kulitazama behewa. Mto ulikuwako kabla ya wazee wa wazee wetu. Reli ina tarehe. Ile ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, ikagusa Ziwa Viktoria mahali palipo Kisumu ya leo mwezi Desemba 1901. Upana wake wa mita moja ulichaguliwa na watu. Upana wa milimita 1,435 wa reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, nao ulichaguliwa na watu, na ndiyo maana behewa la huku haliwezi kupita kule. Nairobi, mahali penye maji baridi ambapo Wamaasai walinywesha mifugo, pakawa jiji kwa kuwa wajenzi wa reli walihitaji kambi na bohari kabla ya kupanda milimani. Mtoto wa Nairobi na mtoto wa Hewani wote wamezaliwa wakaikuta ramani tayari, na kwa kila mmoja wao inafanana na umbile la dunia, kama vile usiku na mchana. Hata kukosekana kwa reli ni uamuzi. Machi 2012 viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, ambao ndani yake mna reli ya kutoka pwani hiyo kwenda bara. Gati la kwanza la bandari lilianza kazi mwaka 2021, na reli imebaki karatasini. Anayesubiri treni hiyo anasubiri watu.

Wanafalsafa wa Magharibi nao wana treni yao mashuhuri. Mwaka 1967 Philippa Foot alitoa mfano wa dereva wa tramu isiyoweza kusimamishwa: mbele yake wako mafundi watano relini, na kwenye njia ya pembeni yuko mmoja. Amgeukie huyo mmoja au awaache wale watano? Judith Jarvis Thomson aliupanua mfano huo baadaye, akamweka mpita njia kando ya reli, mkono ukiwa kwenye chuma cha kugeuzia njia, na tangu hapo wino mwingi umemwagika juu ya mkono huo. Foot alikuwa na swali lake mahususi, tofauti ya kukusudia baya na kuliona tu linakuja, na kwa swali hilo mfano wake unatosha. Kasoro iko katika matumizi yaliyofuata. Mjadala huanza tramu ikiwa tayari inakimbia. Hakuna anayeuliza nani aliwatuma mafundi watano relini bila mtu wa kupunga bendera, wala nani alipaswa kuikagua breki asubuhi ile. Mzigo wote anatwishwa aliyebahatika vibaya kusimama pale dakika ya mwisho, na aliyeitandika njia ameshakwenda zake nyumbani. Gemu ya mbwa wawili inaurudisha uamuzi pale ulipokuwa, kabla ya kuondoka, na kwa hilo peke yake naiona ni chombo bora cha kufikiria maadili kuliko tramu ya vyuo vikuu.

Turudi mtoni. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wa wafugaji Waorma na Wawardei hushuka kunywa Tana, na kati yao na maji yako mashamba ya Wapokomo yaliyopangana ukingoni. Njia ya kupita katikati ya mashamba hayo huitwa malka. Malka ni reli isiyo na chuma: mkulima hapandi ndani yake, mchungaji hatoki nje yake. Haikuota. Ilitandikwa kwa maneno, wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, wakikaa na wazee wa wafugaji, na inabidi itandikwe tena kila mto unapohama, maana Tana ya chini haijapata kutulia katika mkondo mmoja. Malka ikilimwa au ikizungushiwa ua, ng'ombe haachi kuona kiu kwa kuwa njia imefungwa. Atapita juu ya mahindi. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013 mapigano ya delta yaliua watu zaidi ya 100, na katika vyanzo vyake zilitajwa njia hizi za maji, malisho, ardhi, na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia. Anayeyaita mauaji hayo kadari, akaishia hapo, amelitazama behewa likigonga na hakuinamisha macho aione reli. Kila kimoja katika orodha hiyo kilikuwa na mtu nyuma yake: aliyelima, aliyekata ua, aliyechochea, na aliyejua akanyamaza.

Juu zaidi, mbali na macho ya delta, kuna malango makubwa zaidi. Kati ya mwaka 1968 na 1988 Tana ilijengewa mabwawa matano, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, na umeme wake ukaenda kuwasha miji. Mkulima wa chini alikuwa ameizoea tabia ya mto: kufurika kwa misimu miwili, kuacha tope na unyevu, kisha kurudi ndani ili mpunga upandwe nyuma yake. Tangu Masinga ilipokamilika mwaka 1981, sehemu ya mafuriko hayo hubaki nyuma ya ukuta; na mabwawa yakijaa hadi kumwagika, kama ilivyokuwa mwaka 2024, maji hushuka yakitanguliwa na tahadhari kwa wakazi wa chini wahame. Mvua haikupangwa na mhandisi. Ukuta umepangwa, na ratiba ya lango pia. Jirani na Hewani na kijiji cha Wema kuna mfano mdogo wa mambo hayohayo, mradi wa umwagiliaji wa delta, wenye mifereji na milango ya kuongoza maji hadi kwenye majaruba ya mpunga. Mvua za El Niño za mwaka 1997 ziliuharibu vibaya. Anayesimama juu ya tuta la mfereji huo anaitazama gemu ileile ikichezwa kwa tope: njia zimechongwa mapema, milango imewekwa penye migawanyiko, na maji, kama behewa, hayana shauri lao.

Hapa msomaji mkali atanisimamisha na mfereji mwingine. Katika karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuiunganisha Tana na mto Ozi. Mto ukaupenda mfereji, ukaupanua, na leo Tana inaingia baharini Kipini, mahali palipokuwa mlango wa Ozi. Basi niambie, atasema, katika mto huo ni kona gani ya Mungu na ni ipi ya sultani? Na kama huwezi kuzitenganisha, swali lako la imepangwa na nani limekufa maji. Ni pingamizi la haki, na kwa upande mmoja nalikubali: hakuna kipimo cha kugawa maji ya Kipini mafungu mawili, hili la kudura na hili la jembe. Lakini uwajibikaji haugawiwi kwa kibaba. Ili mtu awajibike haihitajiki awe yeye peke yake aliyesababisha. Inatosha kwamba angeweza kufanya vinginevyo na alijua, au alipaswa kujua, njia yake inaelekea wapi. Sultani hakuumba mteremko. Jembe lilikuwa lake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la dini. Kusema njia hii ilipangwa na fulani, je, si kumpunguzia Mwenyezi Mungu milki yake? Waislamu wa pwani, wengi wao wa madhehebu ya Shafii, wamelijibu hili zamani, na jibu lao halikuanzia kwenye vitabu vya falsafa bali njiani. Yapata mwaka wa 18 Hijria Khalifa Umar alikuwa akielekea Shamu, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari kwamba tauni imeingia huko anakokwenda. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda, amiri wake, akamuuliza kama ndiyo anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alijibu, kwa maana yake, kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akapiga mfano wa mchungaji: mwenye ngamia akiteremka bonde lenye pande mbili, upande wa majani na upande mkavu, popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Mchungaji yeyote wa Tana angeuelewa mfano huo bila mkalimani. Tazama alichokifanya Umar. Hakuikata dunia vipande viwili, kimoja cha Mungu na kimoja cha mtu. Pande zote mbili za bonde zimo ndani ya kadari, na bado liko swali la ngamia wamepelekwa upande gani, na mchungaji aliyewapeleka kwenye ukavu makusudi hatasikilizwa akisema imeandikwa. Baadaye mwanazuoni al-Ash'ari, aliyefariki karne ya 10, alilieleza jambo hili kwa istilahi ya kiakida: Mungu ndiye muumba wa tendo, na mja hulichuma. Kiswahili kinalibeba neno hilo vizuri kuliko lugha nyingi, kwa sababu kwetu chumo ni la aliyelichuma, na ndiye anayeulizwa juu yake. Kwa hiyo katika kauli ya kutendwa nafasi ya mtenda inaweza kuwa na majina mawili yasiyogombania kiti kimoja. Imejaaliwa na Mungu, ndiyo. Na pia imefanywa na fulani bin fulani.

Upande wa Wakristo, ambao ni wengi katika vijiji vya Wapokomo wa chini, mvutano ni uleule kwa sauti nyingine. Wamethodisti walifika Golbanti, si mbali na Garsen, katika miaka ya 1880. Chimbuko la madhehebu yao ni John Wesley, ambaye mwaka 1739 alihubiri waziwazi dhidi ya fundisho kwamba Mungu amekwisha kuwagawa watu, hawa wa kuokoka na hawa wa kupotea, bila hiari yao kuwa na neno. Alichokichukia Wesley si ukuu wa Mungu. Alichukia fundisho linaloyafanya mahubiri, toba na hata dua kuwa maigizo juu ya reli iliyokwisha kufungwa misumari.

Limebaki pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote, kwa kuwa linatoka kwa huruma. Aliyepoteza mpunga wake kwa mafuriko, au kwa kukosa mafuriko, ana faraja moja ya bei nafuu, nayo ni kusema Mungu amepanga. Ukimwambia lango lilifunguliwa na mtu, umempa nini zaidi ya uchungu? Lango liko mbali, na hasira haijazi ghala. Ili kulijibu hili narudi kwenye utulivu wa gemu. Mchezaji aliyekwama saa nzima hatafuni kucha, kwa sababu anajua kwamba kiwanja kina jibu. Aliyekitengeneza alikwisha kukijaribu. Vipande vya reli vimehesabiwa vikatosha. Chomeka kisiri kiwanja kimoja kisicho na jibu, na mchezo wa kutuliza utageuka mateso. Kumbe kinachomtuliza mchezaji si uwezo wake, ni kumwamini mtengenezaji asiyemwona. Hilo ni jambo lililo karibu sana na tawakali, na sioni aibu kulisema juu ya kitu cha simu. Lakini imani hiyo ina mwenyewe. Mkulima anaposema Mungu amepanga juu ya kiangazi, imani yake imefika mahali pake. Anaposema hivyo juu ya ratiba ya lango, ameichukua imani anayostahili Muumba akamkabidhi afisa, ambaye hakukijaribu kiwanja, hakuvihesabu vipande, na pengine hajui Hewani iko upande gani wa mto. Wanaodhani swali la na nani ni utovu wa imani hawajaona kwamba kulikwepa ndiko kunakompa binadamu cheo kisicho chake.

Na hapa lazima niitendee haki hoja ya upinzani kwa kukiri mahali gemu inapodanganya. Katika delta hakuna aliyevihesabu vipande. Maji ya kuzungusha mitambo ya umeme, ya majaruba, ya ng'ombe laki na laki na ya mikoko huko chini yanaweza yasitoshe wote msimu mmoja, hata watu wote wakiwa wema. Waliotandika ni wengi, kila mmoja akitaka behewa lake liwe la kwanza, na wengine walitandika miaka 40 au 50 iliyopita. Gemu humruhusu mchezaji kung'oa kipande alichokiweka vibaya. Ukuta wa Masinga haung'oki kwa kidole. Kwa hiyo simwahidi mkulima kwamba akishajua jina la aliyepanga atapata maji. Ninachosema ni kidogo zaidi: malka iliyofungwa inaweza kufunguliwa, kwa kuwa ilifungwa na watu wenye majina, na ratiba ya lango inaweza kujadiliwa, kwa kuwa ni ratiba. Subira ni fadhila kubwa katika dini zote mbili za mto huu, ila fadhila hiyo ilielekezwa kwenye yasiyo na namna. Mtu mmoja katika hadithi aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia bila kumfunga na kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mpangilio huo una maana, na kuupindua ni kumpoteza ngamia.

Kuna dakika moja katika gemu ambayo aghalabu hupuuzwa, ile baada ya kitufe kubonyezwa, mabehewa yanapokwenda na mchezaji hana la kufanya. Mkulima wa Hewani ana dakika hiyo pia, ila yake ni ya miezi. Mbegu iko ardhini, ndege bado hawajaja, na wingu ama litakuja ama halitakuja. Akiuliza wakati huo mvua imepangwa na nani, jibu ni Jina moja, halina ofisi, na linaitwa kwa dua. Akiuliza lango limepangwa na nani, jibu lina ofisi, lina saa za kazi, na barua inaweza kupelekwa kabla ya msimu ujao.